Chumba Kilichoitika

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa chai. Fundi wa maabara alikunywa kikombe chake akiwa amesimama mlangoni, viatu mguuni, na mama mkwe wake akamwambia kwamba mtu anayekunywa chai wima hushibisha miguu tu. Akacheka kidogo. Hakuwa amecheka tangu msiba, miezi miwili kasoro siku tatu.

Alipofika kazini akafungua seva.

Mkewe alipokuwa hajiwezi tena, fundi alimtengenezea kidude: kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiberiti, yenye kitufe kimoja na skrini nyembamba ya maandishi, iliyounganishwa kwa mtandao wa nyumbani na seva ya maabara. Kilijua maneno mawili tu. Mgonjwa akibonyeza kitufe, mezani kwa fundi hutokea NJOO. Neno la pili lilikuwa la lazima: kila dakika seva humuuliza kila aliyeunganishwa, UPO?, na asiyejibu hukatwa. Mgonjwa hawezi kushinda akijibu mashine. Kwa hiyo fundi aliandika mstari mmoja ili kidude kijibu chenyewe: NIPO.

Mkewe alipofariki, hakukizima. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba kinachojibu ni waya na umeme. Hata hivyo kila asubuhi alisoma NIPO, NIPO, NIPO, ndipo akaweza kuanza kazi.

Asubuhi hiyo, katikati ya safu, saa mbili na dakika kumi, palikuwa na NJOO.

Akapiga simu nyumbani.

"Mama, umeingia chumbani kwetu?"

"Niingie kutafuta nini? Ufunguo si unao wewe?" Mama mkwe akanusa. "Ila kuna harufu, baba. Nilidhani panya kafia darini. Na nyama ya jana haimo. Paka gani huyo anakula nyama, kisha anafunika sufuria?"

Alirudi kabla ya adhuhuri, jua likiwaka. Harufu ilimfikia mlango wa chumba haujafunguka hata nusu: supu iliyochacha, na ndani yake, kwa mbali, mafuta ya nywele ya mkewe. Alipogusa kitufe cha kidude kando ya mto, kilikuwa na joto, laini kama ndani ya shavu, na uzi wa mate mazito ukavutika kati ya kitufe na kidole chake, ukakataa kukatika. Godoro lilikuwa limebonyea upande wa ukutani. Shuka lilikuwa na unyevu wa manjano. Chini ya mto alikuta nyama iliyotafunwa na kutemwa, madonge saba yamepangwa kwenye mstari, kama mkewe alivyozoea kupanga vidonge vyake vya wiki.

Skrini ikaandika NIPO kabla ya kuulizwa. Kisha ikaandika: NJOO ULALE.

Programu haikuwa na neno ULALE. Aliiandika mwenyewe, mistari tisini na minne.

Alipaswa kutoka, na alijua, lakini mafuta yale ya nywele yalikuwa yenyewe hasa, ya chupa ile ambayo bado ilikuwa nusu kabatini, naye akainama taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mwingine, akaweka uso juu ya mto ulioloa, akavuta pumzi, na mto nao ukavuta, kisha ukamrudishia usoni pumzi ya moto yenye nyuzinyuzi za nyama, na kitu kilichonyooka kama ulimi kikapita polepole kutoka kidevuni mpaka jichoni.

Alitapika kwenye beseni la mgonjwa, ambalo bado lilikuwa chini ya kitanda.

"Toka," mama mkwe alinong'ona kutoka ukumbini, khanga puani. "Toka polepole. Usijibu kitu."

"Mama, labda ni hitilafu ya..."

"Hitilafu inatafuna?"

Walikaa uani. Alijisugua uso kwa sabuni mara tatu, utelezi haukutoka.

"Sisi tulikatazwa tangu utotoni," mama mkwe alisema. "Sauti usiyoijua huiitikii. Wewe umeweka kitu cha kuitika kila dakika ndani ya chumba kitupu. Ulidhani wapitao wote ni viziwi?"

"Nikikizima?"

"Utakuwa umelinyamazisha tu. Limeingia kwa sababu ulisema mtu yupo. Sema kweli."

"Siwezi, mama."

"Ni mwanangu. Mimi naweza?" Akafuta pua. "Lakini lile halitalalia mto wake."

Usiku walikesha sebuleni taa ikiwaka, wakisikiliza kutafuna nyuma ya ukuta.

Kesho yake asubuhi, kabla ya chai, fundi alikaa kwenye kizingiti cha chumba na kompyuta mapajani. Alifuta NIPO. Herufi sita za kuweka mahali pake zilimchukua karibu saa nzima. Akatuma programu mpya kwenye kidude, akasubiri dakika igeuke.

UPO?

HAYUPO.

Godoro likainuka taratibu, kama mtu mzito anayejiondoa kwa kiwiko. Harufu ya supu ikapungua, na ile ya mafuta ya nywele ikaenda nayo, yote. Fundi alilia bila sauti. Kisha skrini ikaandika: NAJUA.

Na chini yake: WEWE UPO?

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye herufi. Mama mkwe akaukamata kifundoni. Fundi akachomoa waya ukutani, na wawili hao wakalibeba godoro kuelekea uani, yeye upande wa miguu, mama mkwe upande wa kichwa, maji ya manjano yakiwachuruzikia viganjani.

Walikuwa ukumbini mlango wa mbele ulipogongwa.

"Hodi," ilisema sauti kama ya jirani. "Mpo?"

Wakatazamana juu ya godoro. Fundi akatikisa kichwa, akafumba mdomo, wakaendelea kubeba.