Vipande vya Kiwanda cha Kamba

Siku ambayo makumbusho yalikaribisha watu walete vitu walivyookota, foleni ilitoka mezani kwa mtambuzi wa vitu vya kale hadi nje ya mlango. Asubuhi nzima alikuwa ametazama vifungo, risasi, na kijiko ambacho aliyekileta aliapa ni cha mfalme. Kisha fundi bomba mmoja, shati la bluu limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, akamwekea kipande cha shaba cha mviringo, chenye tundu na namba.

Alieleza kwamba kila Jumamosi hupita na mashine yake inayolia ikinusa chuma ardhini, na hiki alikipata kwenye uwanja wa kiwanda cha kamba kilichofungwa zamani, kwa ruhusa ya mwenye uwanja. Mtambuzi alikigeuza chini ya lenzi, akamwambia ni kipande cha kibarua: mfanyakazi akifika hukitundika ubaoni, asiyetundika huhesabiwa hakuja.

"Na wewe una ubao?" fundi akauliza. "Nitundike changu, nihesabiwe nimekuja."

Foleni ilicheka kabla ya mtambuzi.

Tangu siku hiyo ikawa simu kila adhuhuri. Fundi alimwita Daktari wa Vyuma, yeye akamwita Mfukunyuzi. Walikubaliana kila kitakachotoka uwanjani pale kiende makumbusho, na vikaenda, hata mtambuzi akavipiga picha akavitangaza mtandaoni kwa fahari. Mama yake fundi alishaanza kumwita mtambuzi mkwe.

Miezi sita baadaye, kwenye soko la mitumba, mtambuzi aliona sinia limejaa vipande vilevile. Muuzaji akamhakikishia ni vya kweli, analetewa na fundi mmoja mwenye mashine. Alinunua kimoja, akarudi nyumbani, na simu za Mfukunyuzi zikaita siku tatu bila yeye kuzipokea.

Siku ya nne alikiweka chini ya lenzi, akiandaa ripoti ya wizi ambayo mkono ulikataa kuiandika. Ndipo akaona mshono mwembamba ukizunguka ukingo. Vya kiwandani viligongwa kwa nyundo. Hiki kilikuwa shaba iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu: cha bandia. Alirudi sokoni mbio. Muuzaji, alipobanwa, alikiri: walinakili kutoka kwenye picha za mtandaoni, na yule fundi mwenye mashine alimtaja tu ili viuzike. Picha za mtambuzi mwenyewe.

Alihisi mwili wote umekuwa mwepesi, kisha aibu ikamshika.

Alimkuta fundi jikoni kwa mama mmoja mteja wake, kalala chini ya sinki, miguu tu ndiyo inaonekana. Alichuchumaa na gauni lake la kijani kwenye maji, akaisimulia ile miguu kila kitu, bila kujipunguzia kosa. Fundi alitoka taratibu, uso umelowa.

"Nilidhani umenichoka," alisema. "Nimekaa siku tatu natafuta nilichokukosea."

"Nilikudhania mwizi. Nisamehe."

"Ungeniuliza tu, mpenzi. Mimi ni mtu wa kuulizwa."

Mtambuzi alimfuta shavu kwa kiganja. "Basi nakuuliza. Utanioa?"

Fundi alibaki ameshika spana. Mama mwenye nyumba, ufagio mkononi, akaingilia.

"Baba, mjibu mwenzio. Maji yanaingia sebuleni."

"Ndiyo," fundi akasema, akicheka kama aliyetuliwa gunia mgongoni. "Ndiyo, ndiyo." Akarudi chini ya sinki kufunga koki.