Kiti cha Waya na Kisu cha Waziri

Likizo ile kubwa, asubuhi za Julie zilifanana. Alifagia uwanja, akaosha sufuria za jana, akanywa chai na muhogo wa kuchemsha, kisha akakagua mfuko wake wa nguo kuona kama kuna mkono wa mtu uliopita humo. Hakuna aliyewahi kuugusa. Lakini Julie alikuwa mtoto wa Mangobo, kule Kisangani, na mama yake aliuza sombe, majani ya muhogo, sokoni. Mtoto aliyekulia sokoni hujifunza mapema kushuku watu. Hata muuguzi alipompa dawa ya malaria, Julie alimuuliza kwanza, “Wewe mwenyewe umeshainywa?” Shuleni mwalimu alimwita Bolamba, maana miaka ile ya Zaire majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa. Nyumbani alibaki Julie.

Mjomba wake, Tonton Faustin, ambaye Julie alikuwa kwake likizo ile, alikuwa msimamizi wa shamba la michikichi ndani ya msitu, nyuma ya Yanonge. Kati ya shamba na mahali pa kukamulia mafuta palikuwa na bonde refu, miti imejaa, kijito chini. Kuzunguka bonde lile na mikungu ya chikichi kichwani kulikuwa kunavunja shingo. Kwa hiyo palinyooshwa waya mnene wa chuma kutoka nguzo ya juu hadi nguzo ya chini, na juu ya waya likatembea kapi lenye kiti cha mbao. Kiti kilifungwa kamba ndefu. Mtu wa juu aliizungusha kamba kwenye nguzo na kuiachia polepole. Kamba hiyo ndiyo iliyokuwa breki. Ikikatika, kiti kinateremka chenyewe kwa kasi mpaka kinajibamiza kwenye nguzo ya chini, na aliyemo asijisumbue kuomba msaada.

Jioni, mikungu ikiisha kuvushwa, Tonton aliwaruhusu watoto wapande mmoja mmoja. Jamani, raha! Miguu inaning'inia hewani, vichwa vya miti viko chini yako, ukungu unakupiga usoni, hondohondo wanaruka pembeni wakipiga kelele za kukushangaa. Julie alipiga mayowe hadi ng'ambo, akarudi kwa miguu akihema, akapanga foleni tena.

Mtu mmoja tu alimharibia raha hiyo. Aliitwa Waziri, mkwezi wa michikichi aliyekuja msimu ule kutoka Maniema. Alikuwa mkimya, alisali peke yake kijitoni, na kiunoni hakukosa kisu. Wenyeji waliongea Kilokele na Lingala, yeye Kiswahili cha kwao.

“Huyu mutu iko na siri,” Julie alimnong'oneza Léon, mtoto wa Tonton.

“Siri gani? Anapanda miti tu.”

“Mbona hacheki?”

Léon alikuwa na kazi zake, hakutaka maneno. Yeye ndiye aliyepaka mafuta kwenye kiti. Tangu mwenye shamba wa zamani aondolewe na shamba kupewa bwana mmoja wa mjini ambaye hata siku moja hakukanyaga pale, grisi ilikuwa haiji tena. Wakapaka mawese kwenye kapi, maana mawese yalikuwa tele. Léon, kwa bidii yake, alipaka hata kamba, ili iteleze vizuri kwenye nguzo. Hakuna aliyemkataza.

Siku moja kamba ikakatika. Bahati nzuri kitini palikuwa na mikungu tu. Kiti kilishuka kikipiga mluzi, kikapasuka kwenye nguzo ya chini, chikichi zikatawanyika hadi kijitoni. Tonton Faustin alisimama na kipande cha kamba mkononi.

“Ingekuwa jioni, angekuwa mutoto pale! Nani amekata kamba yangu?”

Watu walitazamana. Jana yake Julie alikuwa amemwona Waziri karibu na nguzo ya juu, ameinama, kisu mkononi. Akasema, “Tonton, mimi nilimwona Waziri pale na kisu.”

“Alikuwa anakata kamba?”

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Julie hakuona Waziri akikata chochote. Aliona mgongo wake, aliona kisu, akaenda zake. Lakini watu wote walikuwa wamemgeukia, na yeye alikuwa na hakika yake tayari.

“Ndiyo,” akasema.

“Nilikuwa nakata kekele,” Waziri akajibu, akiwaonyesha mkanda wake mpya wa kupandia miti, uliosukwa kwa mtambaa huo. “Ule wa zamani ulichoka. Mutoto, kweli uliniona nikikata kamba?”

Julie alitazama ardhi. Watu wakaona ameogopa kisu, wakazidi kumwamini. Bon, mambo yakaenda mbio. Waziri alifungiwa ndani ya depo ya shamba, na mtu akatumwa Yanonge kumwita mjumbe wa Chama. Miaka ile Chama kilikuwa kimoja tu, na mtu akishtakiwa mbele yake kuwa anaharibu mali ya taifa, ndugu zake walianza kumlilia angali hai.

Jioni Tonton alifunga kamba mpya na kiti kingine, Léon akaipaka mawese kama kawaida. Asubuhi Léon na Julie walitangulia kwenye nguzo ya juu. Léon akarukia kitini. “Nijaribu mimi kwanza. Shika kamba!”

Julie aliishika, na kitu kikamchoma kiganjani. Akaitazama. Karibu na nguzo, kamba ile mpya ilikuwa imeliwa zaidi ya nusu, nyuzi zimesimama ovyo.

“Shuka!” akapiga kelele. “Léon, shuka, utakufa!”

Léon alishuka. Wazo la kwanza la Julie lilikuwa lilelile: Waziri ametoroka. Alikimbia mpaka depo. Kufuli iko mahali pake. Ndani Waziri alikuwa anakohoa na kuomba maji.

Akarudi nguzoni polepole. Wakachunguza pamoja na Léon. Kisu hukata mara moja, sehemu moja. Kamba hii ilikuwa imetafunwa huku na kule, pale tu mawese yalipoganda, na chini ya nguzo palikuwa na mavi ya panya.

“Panya!” Léon akashika kichwa. “Ni mimi niliyewapakia chakula!”

Wakamwita Tonton. Mjumbe wa Chama alikuwa ameshawasili shambani, akaja naye hadi nguzo ya juu akijifuta jasho. Tonton alimwonyesha kamba. Mjumbe aliinusa, akatikisa kichwa.

“Sawa. Hii ya leo ni panya. Lakini ya jana? Ya jana iko na shahidi. Mutoto aliona kwa macho yake. Donc, namchukua mutu wangu.”

Léon alimkanyaga Julie mguu kumwambia anyamaze, maana aibu itakuwa ya ukoo mzima. Akifungua mdomo, atakuwa mwongo mbele ya kila mtu. Akiufunga, Waziri anakwenda, na hakuna ajuaye kama atarudi.

“Sikuona,” akasema.

“Unasema nini?” Tonton akauliza.

“Nilimwona na kisu. Kukata sikuona. Niliongeza mimi.” Akaanza kulia kwa sauti.

Mjumbe alifoka kweli. Akamwambia Tonton kwamba amemtembeza kilomita zote zile kwa ajili ya hadithi ya mtoto. Tonton alimwomba radhi, akaenda kuleta kamba ya jana iliyotupwa jikoni. Meno yale yale, mawese yale yale. Tangu jana hakuna aliyejisumbua kuitazama vizuri. Wote walikuwa wanamtazama Waziri.

Walipomfungulia, Waziri alikunywa maji, akaanza kufunga mkeka wake. Tonton akamsukuma Julie mbele.

“Papa Waziri, nisamehe,” Julie akasema. “Tafadhali usiondoke.”

Waziri aliuacha mkeka umefungwa nusu. “Nikiondoka leo, kuanzia hapa mpaka Isangi watasema nimekimbia. Nikibaki, kila kamba ikichakaa watanitazama mimi. Unaona ulichonifanyia?”

Tonton aliwaita wafanyakazi wote uwanjani, pamoja na wapishi na watoto, akamsimamisha Julie katikati arudie kwa sauti yale aliyoyaona na yale aliyoyaongeza. Alirudia mpaka mwisho. Kisha Tonton mwenyewe akamgeukia Waziri.

“Na mimi nina kosa langu. Mutoto alisema neno moja, mimi mutu muzima nikatia kufuli. Kamba ilikuwa mkononi mwangu na sikuitazama, kwa sababu wewe ni mugeni. Nisamehe, ndugu yangu.”

Waziri alimpa mkono. Hakucheka, lakini aliufungua mkeka wake, akautandika tena.

Jioni ile hakuna mtoto aliyeomba kupanda kiti. Tonton alimkuta Julie amekaa peke yake mlangoni, akakaa karibu naye.

“Kushuku si dhambi, mwanangu. Ukishuku, uliza, nenda ukatazame. Lakini ukiitwa useme ulichoona, sema hicho tu, usiongeze hata chembe. Macho yako yaliona kisu. Mdomo wako ndio uliokata kamba.”