Biskuti Chini ya Mlango

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani. Siku nzima ameinamia nguo za watu, na nyumbani mbwa wake haachi kubwekea mlango wa stoo iliyo tupu. Akapitia dukani kutafuta cha kumtuliza.

“Mbwa wa aina gani, dada?” muuzaji akauliza.

“Wa kuchosha.”

Akauziwa mpira unaodondosha biskuti ukibingirishwa.

Jioni umeme ukakatika. Akiwa amejilaza kwenye kochi, akasikia mpira ukibingirika gizani, kisha kitu kikitafuna polepole. Akainuka, akamulika kwa simu. Mbwa alikuwa akizisukuma biskuti kwa pua chini ya mlango wa stoo. Kutafuna kulitoka ndani.

“Hata nguvu za kuogopa sikuwa nazo,” aliniambia.

Kisha biskuti moja ikasukumwa kutoka ndani, ikateleza hadi miguuni pake, imelowa mate.