Kikombe cha Msumarini

Jua lilikuwa linazama Delfina Archuleta alipokwenda kuchota maji. Mji ule uko juu kwenye uwanda mkavu, mkavu mpaka midomo inapasuka, na nyumba za pembeni hazina visima. Unapakia tangi kwenye pikapu, unajaza kwenye bomba la mji, unarudi polepole maji yasimwagike.

Nyumba yake alikuwa ameinunua karibuni tu. Nyumba ya matofali ya udongo, ya mwisho barabarani. Mume wake, Eliseo, gari lilimharibikia jangwani nyuma ya vilima. Walipompata alikuwa ameshakufa kwa kiu. Tangu hapo Delfina hakulia. Watu walisema ana moyo wa jiwe, na yeye hakubisha. Alichotaka ni mlango mmoja wa kuufunga nyuma yake, mlango wake mwenyewe. Basi.

Aliyemuuzia ni bibi mmoja, Prudencia. Mji mzima ulimwita mchawi, ila kwa sauti ya chini. Siku ya kukabidhi nyumba, bibi huyo alikataa kutoa ufunguo mpaka amwonyeshe kikombe cha bati kilichotundikwa kwenye msumari, nje, kando ya mlango. Akamwambia vyote vya ndani ni vyako, lakini hiki kibaki hapa hapa, na kila jioni ukitilie maji. Delfina akaitikia kwa kichwa. Siku zile aliitikia kila kitu kwa kichwa.

Mwanzoni alikijaza. Asubuhi alikikuta kitupu. Akadhani ni ndege. Kisha ukaja upepo wa vumbi, kikombe kikachafuka. Akakiingiza ndani, akakisugua, akakiweka kwenye rafu na vikombe vingine.

Akasahau.

Sasa jioni hii aliegesha pikapu, akafungua mlango, akasikia mtu anakunywa.

Gudu... gudu... gudu...

Jikoni hapakuwa na mtu. Kikombe cha bati kilikuwa mezani, ukingo umelowa. Kulikuwa na harufu ya vumbi lililonyeshewa, na mvua haikuwa imenyesha. Halafu mtu akasafisha koo, taratibu, kama mtu aliyeshiba maji.

Vile vile alivyofanya Eliseo.

Delfina hakukimbia. Alivuta kiti, akaketi. Baada ya muda akakijaza kikombe tena.

Ikawa ndiyo kazi yake ya kila jioni. Hakuogopa, wala hakufurahi. Alikaa tu, anasikiliza.

Jumapili wifi yake Orlinda, dada wa Eliseo, akaja na sufuria ya maharage na pilipili nyekundu. Hata kukaa hajakaa, kashaanza.

"Wifi, umenunua nyumba au kaburi? Hata pazia huna."

"Pazia la nini? Nani anapita huku?"

"Mimi napita. Nikichungulia nataka nione kitu kizuri, siyo wewe na uso huo."

Delfina karibu atabasamu. Wakala. Dirishani jua likaingia nyuma ya vilima.

Gudu... gudu...

Kijiko cha Orlinda kikasimama hewani. Koo likasafishwa, pale pale mezani, katikati yao.

"Wifi," akanong'ona. "Mama yangu anafanya nini humu?"

"Mama yako kafa zamani."

"Najua kafa. Hiyo ni sauti yake."

"Ni Eliseo," Delfina akasema.

Wakaangaliana. Orlinda akasimama, akachukua sufuria yake na maharage yake yote, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni. "Mtu mmoja hawezi kuwa wawili, wifi. Hicho kikombe umekitoa wapi?"

Bibi Prudencia alikuwa amehamia kwa mpwa wake, nyuma ya posta. Walimkuta anatunga pilipili kwenye uzi. Orlinda ndiye aliyeeleza yote. Bibi hakuinua macho mpaka aliposikia kikombe kimeingizwa ndani.

"Anayekunywa nje ni mgeni," akasema. "Anayekunywa ndani ni mwenye nyumba."

Delfina akamuuliza huyo ni nani hasa. Bibi akajibu kwamba hajui. Yeye alimkuta, na aliyemuuzia yeye naye alimkuta.

"Ni mume wangu?"

"Kwangu alikuwa mwanangu. Kila jioni nilitamani kumwingiza ndani, mama. Kila jioni." Akachoma sindano kwenye pilipili nyingine. "Kirudishe nje. Kama bado kinakubali."

Orlinda alimsihi akalale kwake. Delfina akakataa. Ile nyumba ndiyo kitu pekee alichobaki nacho, ataiachaje?

Kesho yake jioni alikijaza kikombe, akakitundika kwenye msumari. Akaingia, akafunga, akasukuma komeo.

Kimya.

Hapo ndipo kiu ikamshika. Akachota maji kwenye ndoo, akanywa. Mdomo ukabaki mkavu. Akanywa tena. Yalikuwa na ladha ya vumbi, yanapita kooni bila kulowesha. Akanywa mpaka tumbo likajaa, na midomo ikapasuka, damu ikatoka. Akawaza, basi ndivyo ilivyokuwa kwa Eliseo kule jangwani. Aliwaza hivyo tu, kama anawaza habari ya mtu mwingine.

Nje, upepo uligongesha kikombe ukutani.

Ngi... ngi... ngi...

Alifungua mlango. Hatua moja tu. Akakitoa kikombe kwenye msumari, akanywa. Maji yalikuwa baridi, matamu, yakashuka mpaka vidoleni. Akayamaliza yote. Akasafisha koo, taratibu.

Nyuma yake mlango ukajifunga.

Komeo likasukumwa, kutoka ndani.

Taa ya jikoni ikawaka. Kiti kikavutwa sakafuni. Kisha mtu akavuta pazia dirishani, na Delfina hakuwahi kutundika pazia.

Hakubisha hodi. Alirudisha kikombe kitupu kwenye msumari, akasimama kando yake, akingoja kijazwe.