Mayai ya Pindo Moja

Kila asubuhi Mama alikaa kwenye cherehani yake karibu na mlango, na Sindano alifagia, akateka maji, akaosha vyombo. Jina hilo la Sindano alilipata kwa kaka yake kwa sababu ya wembamba wake, likamganda mpaka shuleni. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi za nyumbani alizimudu zote isipokuwa moja. Mayai aliyachemsha Mama mwenyewe.

Saa ya ukutani ilikufa zamani, wala Mama hakuihitaji. Alipima kwa kazi yake: pindo moja la sketi ya shule, mayai yameiva. Akikata uzi tu, anainuka kwenda kuepua. Sindano aliyaona hayo mara nyingi mno, akajiambia hapo hakuna la kujifunza.

Siku hiyo Mama alikuwa na sare za kupeleka kwa wateja. Bibi naye alikuwa ametoka hospitali jana yake, baada ya tumbo kumlaza wiki mbili. Muuguzi alikuwa amesisitiza kwamba kila anachokula kiive sawasawa, na yai liwe gumu mpaka kiini. Mama akamwachia Sindano mayai manne, akamwonya asifanye haraka, na kama ana shaka amsubiri.

"Shaka ya nini, Mama?" Sindano alijibu, kichwa kimemvimba.

Aliyaosha mayai, akayatia sufuriani, akayafunika kwa maji ya baridi, akateleka. Papo hapo akakimbilia cherehani. Akashona pindo moja taratibu, mshono umenyooka kama rula. Akakata uzi, akaepua, akayapoza, akampelekea Bibi mawili kwenye sahani.

Mke wa kinyozi, jirani yao, alikuwa amekuja kumjulia Bibi hali. Bibi alimwonyesha sahani kwa maringo, akisema mjukuu wake kampikia peke yake, hata mama yake hayupo. Jirani akasifu weee. Sindano akarudi jikoni akitembea kama bibi harusi.

Kaka yake alikuwa keshamenya yai moja. Ute ulitetemeka, na kiini kilimchuruzika vidoleni.

"Fundi mkuu," alisema, "yai lako linatoka machozi."

Sindano alisogea akalitazama yai lile. Ndipo alipokumbuka kuwa Mama, kabla ya kushika sketi, huchungulia sufuria kwanza. Pindo lake huanza maji yakishachemka. Yeye siku zote alitazama cherehani, hakutazama moto.

Kaka alimnong'oneza anyamaze. Bibi haoni vizuri, jirani keshamsifu, kujiaibisha kwa nini? Sindano alitamani sana kumsikiliza. Akachungulia chumbani. Bibi alikuwa amefumba macho, yai mkononi, anamshukuru Mungu kwa chakula na kwa mikono iliyokipika. Katika nyumba ile hakuna mtoto aliyewahi kukatiza maombi ya Bibi.

"Bibi, usile," Sindano alisema. "Hayajaiva. Nimekosea mimi."

Jirani akatazama sakafu. Sindano akaeleza kosa lake lote. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamrudishia sahani.

"Yarudishe motoni, mjukuu wangu. Nitasubiri. Njaa yangu ina adabu."

Safari hii Sindano alisimama kando ya sufuria mpaka maji yakatokota, mapovu yakipanda juu. Hapo ndipo alipoiendea cherehani. Alipomenya, ute ulikuwa umeshikana, na kiini kikavu kikameguka vizuri. Bibi akala yote mawili, na chumvi akailamba kidoleni.

Mama aliporudi, Sindano alimsimulia mwenyewe kabla kaka hajafungua mdomo. Mama akakunja uso, lakini Bibi akamwahi.

"Usimgombeze, mwanangu. Kupika atajua, hata wewe uliniunguzia vyungu. Mimi najivunia jingine kwake. Watu walikuwa wanamsifu, naye akazikataa sifa zisizo zake ili mimi nisiumwe." Akamgeukia Sindano. "Shika hili, mjukuu wangu. Yai bichi hurudi sufuriani likaiva. Uongo hauna sufuria."

Mama akamwambia Sindano kwamba kuanzia kesho mayai ya Bibi ni kazi yake. Sindano alisimama wima, shingo imenyooka, akaanza kuosha sufuria.