Jina Lililokatwa kwenye Wimbo wa Mzee Wepukhulu

Pumzi.

Moja tu. Ilitoka kwenye spika, kama ya mtu anayejiandaa kuimba.

Wakhungu aligeuka, tonge la ugali mkononi. Stima ilikuwa imepotea tangu jioni na mtaa mzima wa Nyalenda ulikuwa giza. Kompyuta yake ilikuwa imezimwa.

"Umesikia, Mama?"

"Nisikie nini? Kula omena hiyo. Wewe na mashine yako ya kuchinja nyimbo za watu!"

Nasipwondi alizoea kumtania hivyo. Kazi ya mwanawe ilikuwa kuchukua nyimbo za zamani, kuzitenganisha sauti na magita, kisha kuzipa ngoma mpya za vijana. Wiki hiyo alikuwa ameushika wimbo wa marehemu baba yake, mzee Wepukhulu, kutoka kwenye kaseti. Katikati ya wimbo, kama bendi za huku ziwani zinavyofanya, gita linashuka na mwimbaji anawasalimu watu kwa majina. Jina la mwisho Wakhungu hakulijua. Akadhani ni la tajiri fulani wa samaki aliyeitunza bendi. Akalikata. Mahali pake akaunga vipande vidogo vidogo vya sauti ya baba yake, mpaka marehemu akatamka jina la mjukuu ambaye hakuwahi kumwona.

Elsie, binti yake aliyekuwa amelala chumba cha pili, alikuwa anatimiza miaka minne. Ilikuwa zawadi.

Pumzi tena... Ndefu. Yenye maji ndani yake.

Gita likashuka.

"Elsie..."

Haikuwa sauti ya Wepukhulu. Ilikuwa ya kijana. Harufu ya matope na magugu yaliyooza ikajaa chumbani.

Nasipwondi akaweka sahani chini, polepole.

"Umefanya nini na ule wimbo?"

"Nilitoa jina moja tu, Mama. Nikaweka la mtoto."

"Lipi?"

"La mwisho."

Mama akashika kichwa. "Huyo ni kaka yako."

"Mimi sina kaka."

"Ulikuwa tumboni. Baba yako alienda naye Usenge kupiga muziki. Asubuhi akaingia ziwani kuoga. Hatukupata hata kiatu chake." Sauti yake ikawa mnong'ono. "Tukaapa asitajwe mpaka ziwa limrudishe. Mtu wa damu yake akimwita, atamjia huyo aliyemwita, aondoke naye. Wimbo ulirekodiwa kabla hajazama. Mle tu ndimo alimobaki anaitwa. Sasa umempa mtoto nafasi yake."

Wakhungu akafungua kompyuta yake ya mapajani, iliyokuwa bado na chaji kidogo. Akatafuta nakala ya kwanza, ile ambayo hakuigusa. Baba yake akaimba, akasalimu mmoja, akasalimu mwingine. Akafika jina la mwisho.

"Elsie..."

Hata mle.

Akajaribu kulikumbuka lile alilolikata. Lilikuwa limemtoka kichwani, kana kwamba halikuwahi kuingia.

"Kukhu."

Wote wawili wakageuka. Elsie alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye komeo, akimtazama nyanya yake. Alikuwa miguu mitupu.

"Kuna mtu nje. Anasema twende tukaoge."

Wakhungu alimrukia, akamkumbatia. Mwili wa mtoto ulikuwa baridi. Nywele zake zilikuwa zinadondosha maji.

Komeo likasogea.

Hakuna aliyeligusa.

"Nitajie hilo jina, Mama! Nimwite mimi!"

"Wewe una mtoto wa kulea."

"Mama, tafadhali..."

"Nyamaza, baba. Mshike vizuri."

Nasipwondi akajifuta ugali vidoleni kwa leso. Akapita kati yao na mlango. Komeo lilikuwa limebakiza ncha tu. Upande wa pili mtu alivuta pumzi, akangoja.

Akausogeza mdomo kwenye ubao wa mlango. Hakupiga kelele. Alisema kama mama anayemwita mwanawe aache mchezo, aje ale.

"Fabian."