Msumari wa Shaba Chini ya Kizingiti

"Umeiwasha tena hiyo hita, baba Walid, halafu unanitazama kama mie ndiye mwongo!"

"Nimewasha saa ngapi? Nimeingia sasa hivi, hata viatu sijavua."

"Basi nenda kaguse maji mwenyewe," Farida alimwambia mumewe.

Khalfani alivua viatu kwa hasira, akapita korido hadi bafuni uani. Swichi ya hita ilikuwa imezimwa. Alifungua bomba, akakinga kiganja, akakitoa upesi. Maji yalikuwa ya moto.

"Jua hilo," alisema aliporudi. "Linachemsha paipu."

"Jua gani? Tangu asubuhi mvua."

Khalfani alishusha sauti, maana mama yake alikuwa chumba cha pili. "Muulize Mama. Yeye ndiye anayeshinda bafuni."

"Mama hiyo hita yako haipendi, anasema ni maji ya mashine. Aiwashe ya nini?"

Tangu saa ile kila mmoja alianza kusikiliza hatua za mwenzake.

Nyumba yao ilikuwa Temeke, nyumba ya zamani ya vyumba sita na korido katikati, iliyojengwa na Mzee Masoud, babu yake Khalfani. Farida alipokaribia kujifungua, Khalfani aliamua kufunga hita ya bafuni, ili siku zote arobaini za uzazi mkewe akandwe kwa maji ya moto bila mtu kupuliza mkaa. Fundi Alfonsi, jirani yao, alisema atakuja kumsaidia. Khalfani akamcheka.

"Waya tatu tu, braza! Nimeangalia video nne."

"Huo wa tatu ndio wa kukuokoa," Alfonsi alimwambia. "Ndiyo ethi. Pigilia shaba ardhini, penye unyevu, ili umeme ukivuja uende chini usiende kwa mkeo."

Khalfani hakusahau. Alipokuwa akichimba njia ya waya chini ya kizingiti cha mlango wa mbele, karibu na mita, alikuta msumari mnene wa shaba, urefu wa mkono, umezungushiwa kitambaa chekundu chenye maandishi yaliyofifia. Alidhani mafundi wa zamani waliuweka kwa ajili ya umeme. Alifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Aliung'oa, akausugua kwa msasa mpaka ukang'aa, akaenda kuupigilia kando ya bafu, palipo na unyevu. Kile kitambaa alifutia mikono.

Farida alimzaa Walid wiki moja baadaye.

Siku ya kumi na mbili ya uzazi ilikuwa Jumapili. Bi Hija, mama yake Khalfani, alikwenda sokoni baada ya kumkanda mkwewe. "Usimwache peke yake," alimwambia mwanawe. "Mzazi haachwi peke yake na mtoto." Khalfani aliitika, lakini suala la maji lilikuwa bado linamkera. Alikwenda kuzima umeme wa nyumba nzima kwenye meni swichi, kisha akatoka nje barazani kufungua kasha la mita.

Farida alisinzia. Alipofumbua macho ilikuwa saa saba, jua limetoka ghafla baada ya mvua, na mtoto hakuwa ubavuni mwake. Alitaka kushtuka, lakini akasikia maji yakimiminwa bafuni, na sauti ya Bi Hija ikiimba taratibu, ule wimbo wake wa kumnyoosha mtoto mikono na miguu. Moyo ukatulia. Kumbe Mama amesharudi. Akafumba macho tena.

Mlango wa mbele ulilia. Bi Hija aliingia na kapu lake, mchicha ukining'inia pembeni.

"Farida, mwanangu, mbona uko peke yako? Mtoto yuko wapi?"

Farida alimtazama. Bafuni wimbo ulikuwa bado unaendelea.

Hawakukumbuka nani alitangulia kukimbia; walichokumbuka ni harufu ya udi iliyowapokea katikati ya korido, nzito kama ya chumba cha bibi harusi, ingawa hakuna aliyekuwa amechoma udi wowote, na jinsi wimbo ulivyokatika ghafla waliposukuma mlango, na Walid akiwa ndani ya beseni la maji yanayofuka moshi, kichwa chake kimeinuka juu ya maji kana kwamba kimelazwa kwenye kiganja cha mtu wasiyemwona, mwili wake umepakwa mafuta, na nyusi zake zimechorwa wanja mweusi, laini, wa mkono uliozoea.

Alikuwa anatabasamu.

Bi Hija alimnyakua. Khalfani alifika mbio, testa mkononi, ile bisibisi ya kupimia umeme, akapiga magoti na kuigusisha kwenye maji ya beseni. Taa yake ndogo ikawaka.

"Haiwezekani," alinong'ona. "Umeme nimezima. Nyumba nzima haina umeme."

Sakafuni kulikuwa na nyayo mbichi, nyembamba, za mwanamke, zikitoka kwenye beseni kuelekea ukutani. Aligusisha testa kwenye ya kwanza. Ikawaka. Ya pili. Ikawaka. Ya mwisho ilikuwa imegusa ukuta, pale pale waya wa ethi ulipotoka nje.

Bi Hija aliufuata ule waya kwa macho, akachungulia nje ya bafu, akaona shaba iking'aa kwenye tope.

"Khalfani. Huo umeutoa wapi?"

"Kizingitini, Mama. Ethi ya zamani ile."

"Ethi?" Bi Hija alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. "Hilo ni fingo la babu yako! Kinga ya nyumba! Nyumba hii ilikuwa haizai salama. Kila akizaliwa mtoto, huyo jini mwanamke anapiga hodi, ananukia udi, anaomba ampakate. Mtoto wa kwanza wa babu yako walimpa, akampakata. Haui, mwanangu. Analea. Anamlea mpaka mtoto analikataa ziwa la mama yake, anakauka mikononi mwake. Ndipo fingo likazikwa kizingitini, asivuke."

"Mbona hukuniambia?"

"Kitu kilichozikwa kinasemwa? Na mie nilijua kijana wangu anafunga hita, sikujua anafukua nyumba!"

Walimpigia simu Mwalimu Farhan wa Kigamboni, mjukuu wa yule aliyelizika fingo. Khalfani aliweka sauti ya juu wote wasikie. Mwalimu alisikiliza, akasema, "Nakuja. Msiguse chochote mpaka nifike. Umenielewa, Khalfani? Chochote."

Saa tisa hakuwa amefika. Farida alimfuta mtoto wanja kwa kanga yenye mate mpaka nyusi zikabaki kama alivyozaliwa nazo, akamweka ziwani. Walid aligeuza uso. Akajaribu tena. Mtoto alikaza midomo, akatazama juu ya bega la mama yake, akacheka na mtu.

"Baba Walid," Farida alisema, machozi yakimtiririka, "hanyonyi. Tangu saa saba hanyonyi."

"Tumtoe nje basi!"

"Wa siku kumi na mbili, umpeleke wapi?" Bi Hija alisema. "Hatoki mtoto kabla ya arobaini. Ngoja Mwalimu."

Lakini Khalfani hakuwa mtu wa kungoja fundi. Alikwenda uani, akaung'oa msumari, akauzungushia kile kitambaa chekundu chenye alama za vidole vyake, akaurudisha chini ya kizingiti na kuupigilia kwa nyundo. Ilimchukua dakika kumi. Kisha akakoroga saruji kidogo, akaziba, akalainisha kwa mwiko.

Alikwenda bafuni na testa. Haikuwaka. Maji yalikuwa ya baridi.

"Yamekwisha," alisema mlangoni mwa chumba, akihema. "Umeona? Kazi ndogo tu."

Walid alilishika ziwa. Farida alilia, safari hii kwa kucheka, na Bi Hija akapiga kigelegele kifupi, cha kuogopa majirani.

Jua lilikuwa linazama Mwalimu Farhan alipopiga hodi. Farida alibaki kitandani akinyonyesha, mlango wa chumba ukiwa wazi, akawasikia Khalfani na mama yake wakienda kumpokea.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu ndani."

"Marahaba. Hii saruji ya leo?"

"Ya leo. Nimelirudisha mwenyewe, Mwalimu, mambo yote sasa shwari."

Mwalimu hakuingia. Farida alisubiri asikie hatua zake koridoni, na alipokuwa anasubiri akasikia, nyuma kabisa, uani, bomba likifunguliwa taratibu, maji yakijaa kwenye beseni, na harufu ya udi ikaja ikipita koridoni bila haraka, kama mtu anayeijua nyumba, ikasimama mlangoni mwa chumba chake, na Walid akaliachia ziwa, akageuza uso upande ule, na kwenye mwanga uliobaki Farida akaona nyusi za mwanawe, zile alizozifuta kwa mkono wake, zimechorwa upya.

"Fingo halifukuzi, Khalfani," Mwalimu Farhan alisema pale mlangoni. "Linafunga kizingiti tu. Ungemngoja kwanza atoke."